TWIGA WA MALINDI NA WANAZUONI WA UCHINA: MWENYE ELIMU ASIWE MPAMBE



  

Ndugu wasomaji, ni nadra mwaka upite bila kumsikia mzungumzaji, kwenye maulidi au kwenye mahafali, akiwahimiza watu waitafute elimu hata kama iko Uchina, na kulinasibisha neno hilo na Mtume (S.A.W.). Wanazuoni wa hadithi wameichunguza sanadi yake wakaikuta dhaifu sana. Wengine, kama Ibn al-Jawzi, wameihesabu miongoni mwa zile za kuzuliwa. Inayotegemewa ni ile inayotufundisha kuwa kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Muislamu, bila ya kutaja nchi yoyote.

Kwa hiyo hatumtumi mtu Uchina kwa kutegemea neno lenye shaka. Hata hivyo swali linabaki: huko Uchina ya kale palikuwa na elimu gani, na ina faida gani kwetu sisi wa Kabanga, watu wa jembe, maharage na migomba?

Jibu letu ni hili. Wachina wa kale walilikabili swali moja kwa zaidi ya miaka elfu mbili: mwenye elimu ana wajibu gani mbele ya mtawala? Mara nyingine walilijibu vizuri, hata kwa kutoa roho zao. Mara nyingine walilijibu vibaya. Na katika moja ya mara hizo za kulijibu vibaya, alikuwapo mnyama aliyetoka katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Swali hilo ni letu pia, na tutaonesha kwamba linaingia mpaka katika viwanja vya madrasa zetu.

MWALIMU ALIYEKOSA MFALME WA KUMSIKILIZA

Mwalimu mkubwa wa Wachina ni Confucius. Alizaliwa mwaka 551 kabla ya Nabii Isa (A.S.) katika dola ndogo ya Lu, ambayo leo imo katika jimbo la Shandong. Zama zake zilikuwa za fitina. Ufalme wa Zhou ulikuwa umebaki jina tu, na watawala wadogo wadogo walipigana wao kwa wao huku mkulima akilipa gharama za vita.

Confucius alifundisha kwamba utawala huanza kwa tabia ya mtawala mwenyewe. Mtawala akinyooka, watu hunyooka bila ya kuamrishwa; akipinda, amri zake hazitasikilizwa. Siku moja mwanafunzi wake alimwuliza kuhusu nguzo za serikali. Akataja tatu: chakula cha kutosha, jeshi la kutosha na imani ya wananchi. Alipoulizwa ipi iachwe kwanza ikibidi, alisema jeshi. Alipoulizwa ipi ifuate, alisema chakula, kwa sababu kufa watu wamekufa tangu zamani, lakini nchi isiyoaminiwa na watu wake haisimami. Tuyatafakari hayo. Ametanguliza uaminifu mbele ya bunduki na mbele ya ghala!

Alizunguka katika dola mbalimbali kwa miaka kumi na zaidi, akitafuta mtawala atakayemsikiliza, asimpate. Akarudi kwao kufundisha mpaka alipofariki mwaka 479 kabla ya Nabii Isa. Hakubagua mwanafunzi kwa ukoo wala kwa mali. Aliyemletea fungu la nyama kavu tu hakumnyima somo. Waalimu wa madrasa wanaopokea ada ya maharage badala ya fedha wanamwelewa vizuri mwalimu wa namna hiyo.

Baada yake, katika karne ya nne kabla ya Nabii Isa, alikuja Mencius. Huyu alikuwa mkali zaidi. Alisema katika nchi wa kwanza kwa thamani ni wananchi, na mfalme ni wa mwisho. Alipoulizwa kama ni halali raia kumuua mfalme wake, akizungumziwa mfalme dhalimu wa zamani aliyepinduliwa, alijibu kwamba aliyeharibu utu na haki si mfalme tena, bali ni mtu wa kawaida mhalifu. Wachina waliamini kuwa ufalme ni idhini kutoka mbinguni, na idhini hiyo huondoka mtawala anapodhulumu.

FIMBO PEKE YAKE HAIDUMU

Walikuwapo wengine walioyacheka mafunzo hayo. Wao walisema binadamu haongozwi kwa maadili, bali kwa sheria kali, adhabu na zawadi. Miongoni mwao ni Shang Yang na Han Fei. Dola ya Qin ilifuata njia yao, ikazimeza dola nyingine zote, na mwaka 221 kabla ya Nabii Isa mtawala wake akajitangaza kuwa mfalme wa kwanza wa Uchina nzima, Qin Shi Huang.

Hatuwezi kukataa kuwa alifanya makubwa. Aliunganisha maandishi, vipimo na fedha. Lakini mwaka 213 kabla ya Nabii Isa alitoa amri vichomwe vitabu vya historia na vya wanafalsafa, ili pasiwe na mtu wa kumlinganisha na wafalme wema waliopita. Watu walichukuliwa kwa maelfu kujenga kuta, barabara na kaburi lake. Alikufa mwaka 210. Miaka michache tu baadaye dola yake ilianguka, na walioanza kuasi walikuwa wakulima waliotumwa kazi ya lazima.

Dola iliyojengwa kwa hofu haikufikisha miaka ishirini. Dola ya Han iliyoifuata iliwarudisha wanafunzi wa Confucius serikalini, ikafungua chuo cha dola mwaka 124 kabla ya Nabii Isa, nayo ilidumu takriban miaka mia nne. Baadaye, tangu zama za Sui na Tang, ulikuja utaratibu wa mitihani ya kuchagua maofisa, uliofutwa mwaka 1905 tu. Kwa utaratibu huo mtoto wa mkulima aliweza, ingawa kwa taabu kubwa, kusoma mpaka akawa waziri. Na wakulima wenyewe, katika kupanga matabaka ya watu, waliwekwa nafasi ya pili baada ya wasomi, mbele ya mafundi na wafanyabiashara, kwa kuwa wao ndio wanaolisha nchi.

KIOO CHA MFALME

Elimu hiyo ilizaa matunda gani? Tutazame zama za mfalme Taizong wa Tang, aliyetawala kuanzia mwaka 626 mpaka 649. Ni zama zilezile ambazo Abu Bakr na Umar (R.A.) waliongoza umma wetu kutoka Madina.

Taizong alikuwa na mshauri aitwaye Wei Zheng. Mwanzo Wei Zheng alikuwa upande wa kaka yake mfalme, aliyeuawa katika kugombea kiti. Taizong hakumuua, alimpa kazi ya kumkosoa. Naye aliifanya barabara. Alimpinga mfalme kuhusu kodi, kuhusu majumba ya anasa, hata kuhusu safari zake. Inasimuliwa kuwa siku moja mfalme alirudi ndani akifoka kwamba iko siku atamuua yule mshamba. Mkewe, Malkia Zhangsun, akatoka akaenda kuvaa mavazi ya sherehe, akarudi kumpongeza mumewe. Mfalme alipostaajabu, akamwambia kuwa mshauri hawi mkweli isipokuwa mfalme wake ni mwenye busara, basi vipi asimpongeze? Hasira zikaisha.

Wei Zheng alipofariki mwaka 643, Taizong aliomboleza akisema amepoteza kioo kilichomwonesha makosa yake. Sisi Waislamu hatushangai kusikia hivyo, kwa sababu tumefundishwa kuwa muumini ni kioo cha mwenzake. Na Abu Bakr (R.A.), siku ya kupokea ukhalifa mwaka 632, aliwataka watu wamsaidie akifanya vyema na wamnyooshe akikosea. Kweli ni kweli, iwe Madina au Uchina.

TWIGA WA MALINDI

Sasa tufike kwa twiga. Mwaka 1402 mtu aitwaye Yongle aliichukua Uchina kwa vita kutoka kwa mtoto wa kaka yake. Alipoingia katika mji mkuu alimwita mwanazuoni mashuhuri, Fang Xiaoru, amwandikie tangazo la kutawazwa. Fang alikataa. Alijua kuwa kalamu yake ikishaandika, dhulma itavaa nguo ya haki. Aliuawa, na ndugu zake, rafiki zake na wanafunzi wake wakauawa pamoja naye.

Mtawala aliyeingia kwa njia hiyo huhitaji sana ishara za kumsafisha. Yongle alituma majahazi makubwa baharini, chini ya Zheng He, mtu wa Yunnan aliyezaliwa katika nyumba ya Kiislamu, ambaye baba yake na babu yake walikuwa mahujaji. Safari hizo zilikuwa saba, kati ya mwaka 1405 na 1433, na baadhi yake zilifika katika pwani yetu, Mogadishu, Barawa na Malindi. Mwaka 1414 sultani wa Bengali alimpelekea Yongle twiga. Mwaka 1415 akafika twiga mwingine, huyu akiwa zawadi ya Malindi.

Wachina walikuwa na habari za mnyama wa hadithi aitwaye qilin, anayesemwa kuwa hatokei isipokuwa zama za mtawala mwadilifu. Jina lake linakutana hata na habari za Confucius mwenyewe: tarikh ya Lu anayonasibishwa nayo inakoma mwaka 481 kabla ya Nabii Isa, qilin alipokamatwa. Basi walipomwona twiga, wasomi wa baraza walisema qilin ametokea! Shen Du, mwandishi maarufu wa hati wa baraza hilo, alitunga sifa za mfalme juu ya mchoro wa twiga wa mwaka 1414. Maofisa wakaomba wampelekee mfalme maandishi ya pongezi.

Ajabu ni jibu la Yongle. Aliyakataa maandishi hayo. Akawaambia wafanye kazi usiku na mchana kwa ajili ya raha ya watu. Nchi ikitulia, hata asipotokea qilin, utawala mwema haupungui kitu. Alipokuja twiga wa Malindi alitoka mwenyewe hadi lango la kasri kumpokea, lakini bado sifa akazielekeza kwa baba yake na kwa msaada wa maofisa. Ametuachia jambo la kufikiri: siku ile mfalme aliyenyakua kiti aliona mbali kuliko wasomi wake. Waliosoma vitabu vya Confucius tangu utotoni walimfanya mnyama wa nyika za Afrika kuwa shahada ya uadilifu.

Lakini si wote. Katika baraza lilelile alikuwapo Xia Yuanji, waziri wa fedha. Mwaka 1421 Yongle alitaka kwenda vitani tena Mongolia. Xia akamwambia hazina haina uwezo huo. Alitiwa gerezani. Yongle akaenda, na mwaka 1424 akafariki akiwa njiani kurudi kutoka vitani. Inasimuliwa kuwa katika siku zake za mwisho alikiri kwamba Xia Yuanji alimpenda. Hapo ndipo penye tofauti. Anayekusifu anapenda ulichonacho mkononi. Anayekukosoa kwa adabu anakupenda wewe.

TUSIYOYAPOKEA

Hatusemi kila la Wachina ni la kuigwa. Mfalme wao aliitwa Mwana wa Mbingu, na sisi tunashahadia kwamba Mwenyezi Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Walitoa sadaka mbele ya mizimu ya wahenga, nasi hatuabudu isipokuwa Allah. Mitihani yao ilifungwa kwa wanawake wote, na katika zama za baadaye mabinti walifungwa miguu mpaka ikalemaa.

Tunawataja Waislamu wa Uchina wenyewe kuwa mfano wa namna ya kuchuja. Liu Zhi, mwanazuoni wa Nanjing wa karne ya 17 na 18, alisoma Kiarabu, Kiajemi na vitabu vya Confucius. Kisha akaandika kwa Kichina kuhusu tauhidi, ibada na maisha ya Mtume (S.A.W.), akitumia maneno ambayo majirani zake waliyaelewa. Hakuikimbia elimu ya nchi yake wala hakuiuza dini yake.

TURUDI BUHA

Je, haya ni mambo ya mbali? Katika Buha yetu, Heru, Muhambwe na kwingineko, palikuwa na Mwami aliyetawala kwa kupitia watware wake. Pamoja nao walikuwapo wateko, wazee wa ardhi ambao koo zao zilikuwa hapa kabla ya watawala hao, na walioheshimiwa katika mambo ya ardhi. Palikuwa pia na ubugabire: mwenye ng'ombe humpa mwenziwe ng'ombe, na aliyepokea akawa mtu wake, wa kumtumikia na kumfuata. Mama mmoja, Theresa Ntare, aliwahi kuwa Mwami wa Heru, jambo ambalo Uchina ya kale ilikuwa shida kulikubali. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, wala hatuulilii.

Lakini ubugabire umekwisha? Tunaona umebadili nguo. Ng'ombe amekuwa fulana, kofia, kanga na kilo ya sukari. Katika miaka ya 2000 jambo hili liliitwa takrima, likawekewa hata kifungu katika sheria ya uchaguzi, mpaka Mahakama Kuu ilipokibatilisha mwaka 2006. Kifungu kiliondoka, tabia haikuondoka. Kila mwenye nafasi ana wapambe wake, na miongoni mwa wapambe wapo waliosoma. Hao ndio akina Shen Du wa leo. Kila daraja likijengwa ni qilin! Kila kisima ni qilin! Ilhali daraja na kisima ni haki ya mlipa kodi.

NA MADRASA ZETU JE?

Tuyatazame mahafali. Katika sehemu nyingi mgeni rasmi hufika amechelewa saa tatu, watoto wakiwa juani. Huimbiwa qaswida yenye jina lake ndani yake, akalinganishwa na nuru na mwezi, kwa sababu ya ahadi ya mabati. Mtoto wa miaka tisa anajifunza nini hapo? Anajifunza kwamba elimu ya dini ni chombo cha kumfurahisha mwenye pesa. Huyo akikua, akipewa kalamu na mtu kama Yongle, ataandika tu.

Wapo watakaosema kumshukuru mfadhili ni adabu, na bila ya wafadhili madrasa zitabaki na paa za nyasi. Ni kweli. Asiyewashukuru watu hakumshukuru Mola wake. Lakini shukrani ni kutaja alichokifanya mtu. Upambe ni kumtia mtu sifa asizokuwa nazo. Shukrani haimharibu mpokeaji wala mtoaji. Upambe huwaharibu wote wawili.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu.

Kwanza, qaswida zibaki kwa kumsifu Allah (S.W.) na Mtume wake (S.A.W.), na kwa mafunzo ya dini. Mgeni ashukuriwe kwa maneno ya kawaida, kwa jambo alilolifanya.

Pili, risala ya mahafali iandikwe na wanafunzi wakubwa wenyewe, wakisaidiwa na mwalimu. Itaje ahadi za mwaka uliopita zilizotimia na zisizotimia, kwa adabu na bila ya matusi. Wachina walikuwa na maandishi ya kumfikishia mfalme kero. Sisi tunayo risala. Mbona tumeigeuza kuwa orodha ya kuomba?

Tatu, wazazi wasimtoe mtoto shule kwa ajili ya madrasa, wala madrasa kwa ajili ya shule. Liu Zhi alikusanya elimu zote mbili. Mtoto anayejua hesabu ataweza kusoma mapato na matumizi ya kijiji yakibandikwa, na anayejua dini ataogopa kunyamaza akiona yana kasoro.

Wanafunzi wetu wapendwa, wengi wenu hamtakaa karibu na rais wala waziri. Lakini kila mmoja wenu atakaa karibu na mwenye mamlaka fulani: mwenyekiti wa kitongoji, bosi kazini, imamu, hata baba nyumbani. Tena wengine mtakuwa nyinyi ndio wenye mamlaka, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Dini yetu imelipa daraja kubwa neno la haki linalosemwa mbele ya mtawala dhalimu. Basi jizoezeni sasa, katika mambo madogo. Mwambieni kiranja ukweli. Mwambieni mwalimu ukweli, kwa heshima, nasi waalimu tuwe tayari kuupokea.

Twiga wa Malindi alivuka bahari, akafika Uchina, akasifiwa kwa uadilifu ambao yeye hakuujua. Hakuwa na kosa, maana mnyama hana kalamu. Sisi tumepewa kalamu, na tutaulizwa tuliandika nini nayo.

Wabillahi tawfiq.